Nilivyoachwa getini Mikumi na jogoo wa mnada wa kanisani

Wakuu, heshima kwenu. Wakubwa zangu shikamooni, wa rika langu mambo vipi.

Mie kwa kawaida nasomaga tu nyuzi za watu, nacheka peke yangu saluni mpaka wateja wanauliza kuna nini. Leo nimejikaza nianzishe wa kwangu. Ni kweli tupu, na mashahidi ninao wawili. Mmoja anavaa sare ya kijani, mwingine ana manyoya. Mtaelewa mbele.

Shule niliishia form four na haikuwa nzuri, kwa hiyo mkiona nimekosea kuandika, pitilizeni.

Naitwa Neema. Nasuka nywele huku Madale, kwenye fremu moja chini ya kilima cha kanisa letu.

Kitu cha kwanza mnachotakiwa kujua kuhusu mie ni tembo.

Juu ya kitanda changu kuna kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, ina picha ya tembo na mtoto wake wanavuka maji. Mwaka wa hiyo kalenda ulishaisha zamani, lakini sijawahi kuibandua. Mabinti wenzangu wana wasanii ukutani, mie nina tembo. Nikiwa nasinzia nawazaga ningekuwa pale pembeni, nasikia hayo maji yanavyolia.

Sasa mtu atasema si uende ukawaone. Wakuu, mie nimezaliwa Temeke, nimekulia Madale, na mpaka mwaka huu mbali kabisa nilikokuwa nimefika ni Kibaha, tena kwenye msiba.

Kuna watu huko nje wanadhani sie tukifungua dirisha twiga anachungulia. Mie nikifungua dirisha naona ukuta wa jirani na nguo za watoto wake.

Haya, tuendelee.

Usharika wetu una usharika rafiki kule Denmark. Mwaka huu walikuja wageni wachache, wakakaa wiki moja. Walipaka rangi darasa la chekechea, wakaimba na sie, wakala ndizi nyama mpaka wakaanza kuikimbia meza ya mama mchungaji.

Kati yao kulikuwa na mama mmoja mtu mzima, anaitwa Elin. Mwembamba, mrefu, nywele nyeupe kama pamba. Siku ya pili alishuka kilima mwenyewe akaingia saluni kwangu, akaonyesha kichwa chake, halafu akaonyesha vidole vyangu.

Nilimsuka mchana kutwa. Nywele zile zinateleza kama uzi wa kushonea, ukimaliza mstari wa pili, wa kwanza umeshafumuka. Tulicheka sana. Kiingereza changu ni cha kuangalia tamthilia, na chake pia si lugha aliyozaliwa nayo, kwa hiyo wote wawili tulikuwa tunaokoteza maneno. Nadhani ndiyo maana tulielewana vizuri kuliko waliosoma.

Akaniuliza ndoto yangu ni nini. Nikamwambia tembo. Akadhani nimekosea neno. Nikampeleka chumbani kwetu nikamwonyesha kalenda.

Kesho yake mchungaji akaniita. Akasema Jumatatu wageni wanapelekwa Mikumi, kwenda na kurudi siku hiyohiyo, na Mama Elin ameomba niende naye nimsaidie kutafsiri.

Wakuu, sikulia mbele ya mchungaji. Nilisubiri nifike kwenye kona.

Sasa ikaja Jumapili, na hapa ndipo jogoo anaingia.

Kwa ambao hamsali makanisa yetu, ibada ikiisha tunatoka nje kufanya mnada. Asiye na hela analeta alichonacho: mayai, boga, mkungu wa ndizi, kuku. Vinanadiwa pale uwanjani, mzee mmoja wa kanisa anapaza sauti, watu wanapandisha bei huku wanataniana. Anayenunua mara nyingi anampa mtu mwingine zawadi, au anarudisha kinadiwe tena. Ni sadaka, ila ni furaha pia.

Siku hiyo kulikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, kifua mbele. Mzee wa mnada akamshika miguu, kichwa chini, akamwinua juu watu wamwone.

Mama Elin akasimama. Kila mtu akitaja bei, yeye anataja ya juu yake. Watu wakapiga makofi, wakaona mgeni ameshika desturi zetu. Mie nilikuwa pembeni yake, nikaona macho yake hayabanduki kwenye ile miguu iliyofungwa. Alikuwa hanunui jogoo. Alikuwa anamwokoa asiendelee kuning'inizwa kichwa chini.

Akakabidhiwa. Akamfungua kamba za miguu, akamweka chini. Jogoo akajikung'uta, akaanza kutembea katikati ya watu polepole, anainua mguu kama anakanyaga zulia. Vijana wa kwaya wakacheka, mmoja akasema anatembea kama askofu. Mama Elin akaniuliza wamesemaje, nikamtajia neno bila kueleza maana. Basi akadhani wamempa jina.

Kuanzia hapo jogoo akawa Askofu. Kila Mama Elin akimwita hivyo, mchungaji anakohoa na kuangalia pembeni.

Tatizo lilianza jioni. Mama mchungaji, mwanamke wa Iringa mwenye roho nzuri na sauti ya kuita ng'ombe, alitangaza jikoni kwamba huyo jogoo atachinjwa alfajiri awe kitoweo cha safari. Na alikuwa na haki yake. Mgeni amenunua kuku kwa upendo, kumpikia kuku wake huyohuyo ndiyo heshima yenyewe. Ukimwacha unakuwa umemdharau.

Mama Elin alipoelewa, macho yakajaa maji. Hakutaka kumuudhi mwenyeji wake. Akaniambia pembeni, kwa sauti ndogo, kwamba anajua ni ujinga wa mtu mzima, ila amemwahidi yule ndege.

Nikamwambia usijali, mimi nipo.

Wakuu, mtu akikupeleka kumwona tembo, kweli utashindwa kumwokolea jogoo?

Alfajiri nikawahi bandani kabla ya mama mchungaji. Nikamchukua Askofu, nikamweka kwenye kikapu kikubwa cha ukili, nikafunika na khanga, nikakisukuma chini ya siti ya nyuma kabisa ya Coaster. Akili yangu iliniambia kuku akiwa gizani anadhani ni usiku, atalala tu. Jioni tukirudi, nitampeleka kwa shangazi yangu Goba akafuge. Mama mchungaji alipokuta banda tupu alidhani kaliwa na kicheche, akasikitika, akafunga chapati na maharage.

Hilo la kwamba hifadhini kuna sheria zake, sikuliwaza hata sekunde moja. Mie nilijua hifadhi ni ya wanyama. Na jogoo naye ni nani?

Safari ilikuwa tamu. Mchungaji aliombea tairi moja moja na ile ya akiba. Tuliimba kuanzia Mbezi mpaka Chalinze. Wageni wanafundishwa mapambio, wanapiga makofi nje ya mdundo lakini kwa moyo.

Chalinze tulisimama kununua maji. Dereva wetu, kaka mmoja wa Buguruni anaitwa Side, alikuja nyuma kutafuta spana, akasikia kitu kinakwaruza. Akafunua khanga. Wakaangaliana na Askofu.

Akafunika taratibu. Akaniambia gari yake imeshabeba mengi, ila jogoo anayekwenda utalii hajawahi kumbeba. Akarudi mbele anacheka mabega yakimtikisika.

Morogoro tukapita, milima ile nikaitazama mpaka shingo ikauma. Mama mchungaji akawa anatuhadithia kwamba yeye kwao ni Iringa, amepita Mikumi miaka na miaka, na hajawahi kumwona hata swala. Kila safari usingizi unamchukua Doma na kumwachia Ruaha Mbuyuni. Akasema leo hata wamfunge macho, atawaona. Tukacheka.

Tukafika getini.

Afande aliyekuja kutukagua alikuwa mama wa makamo, sare ya kijani imenyooshwa vizuri, mpole. Akaingia ndani ya gari akatukaribisha. Akatuambia tusitupe taka, tusishuke hovyo, tusiwape nyani chakula. Mie nikawa namtafsiria Mama Elin, najiona mtu mkubwa.

Akauliza kama kuna chochote tulichobeba ambacho anatakiwa kukijua. Mchungaji akajibu kwa uhakika kabisa kwamba hakuna, sie ni watu wa kanisa.

Askofu akawika.

Si kuwika kidogo. Ile ya asubuhi, yenye mkia mrefu mwishoni.

Gari zima likageuka nyuma. Side akaweka kichwa kwenye usukani. Mama mchungaji akanitazama mie, si kikapu, mie moja kwa moja. Wale wanawake wanajua tu.

Afande akakivuta kikapu, akafunua, akashusha pumzi.

"Mchungaji, huyu ni mfugo. Mfugo hauingii hifadhini, unaleta magonjwa."

"Si mfugo huyo afande," mama mchungaji akadakia. "Ni kitoweo."

"Kikiwa kitoweo kinaingia, mama. Kikiwa bado kinawika, hakiingii."

"Basi tupe dakika chache tu tukibadilishe."

Hata wageni walicheka bila kuelewa. Mama Elin peke yake hakucheka. Alinishika mkono akauliza kuna nini, nikamweleza. Mchungaji akajaribu kuomba msamaha, akajikuta anasema, "Afande tuelewane, huyu Askofu ni wa mgeni wetu," halafu akakohoa mwenyewe.

Tukauliza kama tunaweza kumwacha pale getini na kikapu chake. Afande akakataa. Akasema nyani wa pale wanafungua mpaka mabegi yenye zipu, na yeye ana magari ya kukagua, hawezi kulinda kuku wa watu. Kukiwa na mtu wa kubaki naye, sawa.

Mama Elin akaanza kuvaa kofia yake.

Akasema atabaki yeye. Jogoo ni wake, yeye ndiye aliyemnunua, sie tuingie. Alisema huku anatabasamu, lakini mie nimemsuka yule mama mchana kutwa. Najua anavyotabasamu akiwa anaumia.

Nikaangalia dirishani. Barabara ya vumbi inaingia ndani, majani makavu pande zote, na mbele kabisa nikaona kama migongo ya pundamilia. Moyo wangu ulishaingia, ulishaniacha.

Kuna muda unajua unachotakiwa kufanya na unatamani mwingine akuwahi kukifanya. Hakuna aliyewahi.

Nikasema, "Nabaki mie."

Mama Elin akakataa. Nikamwambia yeye ametoka mbali, mie naishi nchi hiihii, nitakuja siku nyingine. Nilijua siku hiyo nyingine haipo kwenye kalenda yoyote. Nadhani na yeye alijua. Akanikumbatia kwa nguvu mpaka msuko mmoja ukafumuka.

Mama mchungaji alinipa chapati kupitia dirishani. Halafu gari ilipoanza kutembea akatoa kichwa akasema, "Na usimlishe chapati zangu huyo." Hapo nikajua hasira imeanza kuisha.

Coaster ikaingia. Vumbi likatulia. Ndipo nikakumbuka simu yangu nimeiacha kwa Side inachajiwa.

Kwa hiyo wakuu wa kudai picha, naanza kujitetea mapema.

Nilikaa kwenye benchi la kivulini, kikapu miguuni. Nililia kidogo, siwezi kuwadanganya. Nililia kilio cha kujifuta haraka mtu asione. Askofu akatoa kichwa nje, akanitazama kwa jicho moja. Nikamwambia wewe nyamaza, umeshaongea ya kutosha leo.

Halafu nikamkatia chapati.

Gari zilipopungua, afande akaja kukaa na mie. Akaniletea chai kwenye kikombe cha bati. Tukapiga stori, akanieleza kwamba anakaa mbali na wanawe, na anavyowapigia kila jioni. Akaniomba nimwangalie nywele zake pembeni zinavyokatika, nikamwelekeza apunguze kuvuta sana mstari wa mbele. Unaona, kazi inakufuata mpaka porini.

Nyuma ya kibanda chao kulikuwa na tenki la maji linalovuja, ardhi yote pale tope, na ukuta mdogo umebomolewa upande mmoja. Nikamuuliza nani kaubomoa.

Akasema, "Wageni wasiolipa kiingilio."

Nikadhani anasema vibaka, nikaona hata huku wapo.

Jua lilikuwa limeshapinda. Mie nasinzia, Askofu nimemtoa kikapuni nimempakata. Nikasikia afande anaita jina langu polepole sana.

"Neema. Usiinuke haraka. Njoo huku mlangoni, taratibu, usiangalie nyuma kwanza."

Nikadhani nyoka. Nikainuka na Askofu kifuani, nikaenda taratibu mpaka mlango wa nyuma wa kibanda. Afande akanivuta ndani, akanigeuza mabega.

Wakuu.

Alikuwa amesimama kwenye tenki. Umbali ule ni kama kutoka kiti changu cha saluni mpaka ng'ambo ya barabara. Kijivu, mwenye mikunjo, mkubwa kiasi kwamba kichwa changu kilikataa kumaliza kumwangalia kwa mara moja. Na hakuwa na kelele. Kitu kikubwa vile kimetoka vichakani na kufika pale, na mie sikusikia hata jani.

Halafu miguuni kwake kukawa na miguu mingine midogo.

Mtoto. Alikuwa bado hajui kutumia mkonga wake. Anauchovya kwenye maji, anauinua, maji yanamwagika yote kabla hayajafika mdomoni. Anarudia. Yanamwagika. Mama yake anakunywa na wala hamharakishi.

Na nikasikia maji yanavyolia, wakuu. Kalenda haikuniambia. Yanalia kama mtu anayemimina ndoo kwenye pipa tupu, kwa mbali.

Nikahisi kifua cha Askofu kinajaa pumzi chini ya mkono wangu.

Nikajua anataka kuwika. Nikamfunika khanga, nikambana, nikamwomba kwa jina lake na cheo chake. Hakusikia. Akawika, amezibwa mdomo na khanga yangu lakini akawika.

Mama tembo akageuka. Masikio yakafunguka kama milango. Mtoto akajificha chini ya tumbo lake. Afande aliushika mkono wangu.

Alitutazama. Jicho dogo lenye kope ndefu. Sijui alikuwa anawaza nini, labda na yeye alikuwa hajawahi kuona jogoo.

Halafu masikio yakashuka. Akarudi kwenye maji. Safari hii akaingiza mkonga, akaunyoosha, akammwagia mtoto mdomoni.

Mie nilikuwa nalia waziwazi na sikujifuta.

Walipomaliza waliondoka vilevile walivyokuja, kimya, wakapita kwenye ule ukuta uliobomoka. Afande akaniachia mkono akasema walikuwa hawajaonekana pale muda mrefu.

Jioni Coaster ikatoka. Nilikuwa benchini, Askofu mapajani, natabasamu kama mtu aliyekunywa kitu.

Wakashuka wamechoka. Waliona twiga, nyati, viboko wamejaa bwawani. Mama Elin akaja mbio, akanishika mikono, akaniambia kwa huzuni kwamba tembo hata mmoja hawakumwona. Alisema labda ilikuwa ni afadhali, nisingeumia bure.

Nikajaribu kumwambia. Kiingereza kikagoma. Nikahamia Kiswahili, nacho kikagoma. Ikabidi afande aseme mwenyewe.

Mama mchungaji akasema huo ni uongo wa kufarijiana. Akazunguka nyuma ya kibanda kwenda kuhakikisha. Tukamfuata.

Kwenye tope kulikuwa na nyayo, pana kama sinia, na pembeni yake vijinyayo kama sahani. Kinyesi bado kibichi. Mama mchungaji akavua kiatu, akaweka mguu wake ndani ya unyayo mmoja. Ukapotea.

Mama Elin akainama akamwambia kitu Askofu sikioni, kwa lugha yao. Sikuomba tafsiri.

Tulirudi tunaimba mpaka tukaipita Morogoro. Hapo ndipo mama mchungaji akageuka akauliza, "Na mtoto alikuwa mkubwa kiasi gani?" Nikamwonyesha kwa mikono. Akauliza tena maji yalivyolia. Nikamhadithia mpaka Chalinze, na hakusinzia.

Kwa shangazi Goba hatukusimama. Mama mchungaji alisema jogoo ana kwake.

Wageni wameshaondoka. Mama Elin ananipigia video, na kabla hajanisalimia vizuri anaomba kumwona Askofu. Msuko alikaa nao mpaka kwao, anasema hata kanisani kwao aliingia nao.

Juzi kulikuwa na kipaimara, nyumba ya mchungaji imejaa watu, kuku wakaisha. Mzee mmoja akaonyesha bandani akasema mbona yule pale kanona. Mama mchungaji alikuwa anasonga ugali, hakugeuka hata kugeuka.

"Yule amemwona tembo," akasema. "Mimi sijamwona. Nitamlaje mtu aliyenitangulia?"

Ndiyo hivyo wakuu. Nilichojifunza: mfugo hauingii hifadhini, msije mkasema hamkuambiwa. Na kile kitu unachokililia mlangoni, usiharakishe kujifuta machozi na kuondoka. Kaa kidogo. Kunywa chai ukipewa.

Kalenda bado ipo, ila sasa nikiitazama naona wamesahau kuchora tenki.

Nyie mlimwona wapi tembo wenu wa kwanza? Na wale ambao bado, mnamsubiri wapi? Andikeni hapo chini, nina wateja wachache leo, nitawasoma wote.